Mzimu wa Saa Kumi Jioni

Tulimzika Lameki siku ya Jumamosi, nyumbani kwake Elerai. Alikuwa bosi wangu kwa mwaka mmoja tu, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, lakini nilikwenda, kwa sababu mtu aliyekupa kazi ya kwanza huwezi kusikia amefariki ukabaki nyumbani. Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai na sahani za pilau mapajani. Tumaini, aliyekuwa dereva wake wa kwanza na sasa ana ndevu nyeupe na magari yake mwenyewe ya kupeleka watalii mbugani, alinionesha kwa vijana waliokaa karibu naye. "Mnamwona huyu mwalimu? Huyu ndiye aliyemleta mjini yule Mjerumani wa saa kumi." Vijana wale walikuwa waongoza watalii. Mmoja wao aliacha kutafuna. "Kumbe ni wewe, mama? Mpaka leo tunaisimulia hiyo! Mjerumani mwenye buti, na yule bibi mchawi aliyekuwa akimfuga ndani ya nyumba." Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nalisema hili mwanzoni ili anayesoma ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Nina miaka hamsini na sita, nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli, na siku ile nilicheka na wenzangu kisha nikaendelea kula.

Bibi huyo alikuwa na jina. Aliitwa Mwanaidi, na hakuna alichokifuga isipokuwa kuku wawili wa kienyeji waliokuwa wakilala chini ya meza yake ya kukandia unga. Nilikaa naye nyumba moja mwaka mzima. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi zimefunguliwa, maduka ya ushirika yanafungwa moja baada ya jingine na mitumba inamwagwa chini kando ya barabara, sabuni za nje zinanukia kila duka, watu waliokuwa na vyeo kwenye mashirika ya umma wanarudishwa nyumbani na barua mkononi. Lameki alikuwa mmoja wa hao waliorudishwa. Alikodi chumba kimoja mjini, akakigawa kwa hadibodi, akaweka meza mbili, akanunua gari kuukuu, akaandika mlangoni kwamba anapeleka watalii mahali popote. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nina miaka ishirini na moja, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha Lameki. Hicho ndicho kilichonipa kazi.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya mawe, ya tangu wakati wa Mjerumani, katika mtaa wa zamani chini ya soko, mahali ambapo familia za watu wa Tanga, Pangani na Kondoa zilikuwa zimekaa kwa vizazi. Kuta zake zilikuwa nene mno. Ukikaa dirishani miguu yako yote miwili inaenea ndani ya ukuta. Katikati ilipita korido ndefu ya mbao, kutoka chumba cha mbele kilichotazama barabara hadi uani kwenye bafu na jiko, na mbao zile zilikuwa zimeinuliwa juu ya ardhi, kwa hiyo hata paka akipita unamsikia. Marehemu mume wa Bi Mwanaidi alikuwa mpishi wa familia iliyomiliki nyumba ile zamani. Wenyewe walipoondoka, mpishi na mkewe walibaki kuitunza, na yule mzee alipofariki Bi Mwanaidi akaendelea kukaa chumba cha mbele, akipokea wapangaji vyumba vya nyuma kwa niaba ya mwenye nyumba mpya aliyeishi Moshi. Mpangaji wa mwisho nilikuwa mimi.

Kila alfajiri niliamshwa na harufu ya iliki. Bi Mwanaidi alikuwa akipika vitumbua, anavipanga kwenye beseni la bati lenye kitambaa cheupe, na kabla jua halijapanda wanawake wa mtaa wameshatuma watoto na sahani. Mimi alinipa vya kwanza, vile alivyosema havijapendeza sura. Mchana alipika maharage ya nazi, nazi zenyewe zikitoka Tanga kwa basi kila wiki, na tulikula pamoja kwenye mkeka uani. Nami nikienda kwetu Meru Jumapili nilirudi na mkungu wa ndizi na kibuyu cha loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa mgando. Aliuonja mara moja, akafunga macho. "Waza mwanangu," alisema, maana Eliwaza aliliona jina refu, "mie nakupenda, lakini hii mpelekee adui yako." Nilipougua malaria mwezi wa tatu alinilaza kitandani kwake siku nne. Alininywesha uji wa pilipili manga kwa kijiko, na alipotoka kwenda sokoni alimwacha kuku mmoja chumbani, ati niwe na mtu wa kuzungumza naye.

Alikuwa na mazoea ambayo mtaa mzima uliyajua. Kwa mambo ya udhu hakuvaa kandambili za plastiki. Alivaa mtalawanda, viatu vya mti vyenye kifundo cha kushika katikati ya vidole, alivyokuja navyo kutoka Pangani akiwa bi harusi. Adhana ya alasiri ikilia tu, unamsikia akitoka chumba cha mbele, anapita korido nzima kwenda bafuni kutawadha: ko, ko, ko, ko. Kisha kimya cha maji. Kisha ko, ko, ko, anarudi. Ukiwa barabarani nje ya ukuta ule mnene, usimwone mtu, ungeweza kudhani ni jitu zito linatembea ndani ya jiwe.

Wazo la mzimu lilikuwa la Lameki. Watalii walikuwa wameanza kuja kwa wingi, lakini wengi walifika Arusha mchana, wakasubiri hadi kesho yake ndipo waende mbugani, na hiyo nusu siku hapakuwa na cha kuwaonesha. Alitaka matembezi ya mji mkongwe. Mwanzoni niliandika kurasa tatu juu ya Boma la Wajerumani, mambo niliyoyasikia kwa wazee wa kwetu Meru: jinsi watu walivyobebeshwa mawe na chokaa chini ya viboko, jinsi waliokataa walivyonyongwa. Wazee wetu walikuwa wakiyasema hayo kwa sauti ya chini, na kulikuwa na sehemu za mji ambazo bibi zetu hawakupenda kuzipita kwa sababu ya waliofia pale. Lameki alizisoma kurasa zangu zote, akazikunja.

"Eliwaza, hizi zinahuzunisha. Mtu yuko likizo."

"Lakini ndiyo yaliyotokea, bosi."

"Najua yalitokea. Babu yangu mwenyewe alibeba mawe hayo. Mimi nataka mzimu. Wazungu wanapenda nyumba yenye mzimu, kwao huko kila mji una wake. Wewe si unakaa kwenye ile nyumba ya Mjerumani?"

Nilimtengenezea mzimu wake kwa siku moja, nimekaa palepale ofisini na soda mbele yangu. Nikamtunga ofisa wa Kijerumani, kijana, aliyempenda binti wa kienyeji. Binti akaolewa kwingine, na yeye akajifungia ndani ya ile nyumba ya mawe akiranda korido kwa buti zake hadi akafa kwa huzuni. Watu waliobeba mawe sikuwataja kabisa. Niliwafuta wafu wetu wa kweli nikaweka mmoja wa uongo, na wa upande ule mwingine. Kwa kuwa watalii walitakiwa kurudi hotelini kabla ya giza, mzimu wangu haukuweza kuwa wa usiku. Nikauweka saa kumi jioni, saa ya alasiri.

Siku ya kwanza nilikuwa na wageni wanne. Niliwasimamisha barabarani chini ya dirisha la mbele, nikawasimulia taratibu, nikitazama saa. Adhana ilipokwisha nikanyamaza. Nikainua kidole. Ndani ya ukuta ikaja: ko, ko, ko, ko. Mama mmoja wa kizungu alinishika mkono akanibana hadi kucha zikaingia. Mwenzake akawa mweupe zaidi ya alivyokuwa. Walirudi hotelini wakipiga kelele kwa furaha, na wiki iliyofuata kulikuwa na wageni kumi na moja. Lameki alinipongeza mbele ya Tumaini, akasema mwaka hautaisha kabla hajanipeleka mbugani, nivae kaki na buti kama wanaume, nikawe mwongozaji kamili. Msichana kufanya kazi hiyo wakati ule lilikuwa jambo la kushangaza. Niliitaka mno kazi ile.

Bi Mwanaidi sikumwambia. Nilijiambia kwamba hajui Kiingereza, kwa hiyo halimhusu. Siku moja tu aliniuliza, tukiwa tunakula, wale wazungu wanatazama nini pale dirishani kwake. Nikamjibu wanapenda mawe ya zamani. "Haya," alisema, akaniongezea maharage. "Mradi na wewe unapata riziki yako."

Ambacho sikukifikiria ni kwamba barabarani hapakuwa na wazungu peke yao. Vijana wa mtaa walisimama kando wakisikiliza, na wengine Kiingereza walikijua vya kutosha. Baada ya mwezi hadithi ilikuwa imefika kwenye bomba la maji la mtaa, na kule haikubaki na mapenzi wala ofisa mwenye huzuni. Ilikuwa hivi: kwenye nyumba ya mawe kuna kitu kinatembea saa kumi, hata wazungu wametoka kwao kuja kukisikiliza, na wazungu hawapotezi muda wao bure. Wanawake ambao kwa miaka thelathini walikuwa wameusikia mtalawanda wa Bi Mwanaidi bila kuugeuzia shingo sasa waliusikia kwa namna nyingine. Nilikuwa nimepanga foleni na ndoo yangu nilipomsikia Mama Happy, jirani wa nyumba ya pili, akimwambia mwenzake, "Sasa kama kitu kiko mle miaka yote, na yeye analala mle hakimdhuru, maana yake nini?" Mwenzake akajibu, "Maana yake ni chake." Waliponiona walinyamaza, wakanisalimia vizuri tu.

Beseni la vitumbua likaanza kurudi limejaa nusu. Bi Mwanaidi alifikiri ni hali ya maisha. Akaongeza iliki. Akapunguza mafuta. Akaniuliza kama vimekuwa vigumu. "Viko sawa, bibi," nilimwambia, na tulikuwa tunavila kama chakula cha jioni, mimi na yeye na wale kuku wawili, siku ya tatu mfululizo. Alikigeuza kimoja mkononi, akakinusa, akakitazama upande wa chini. "Basi mkono wangu umezeeka," alisema. Ningeweza kusema palepale. Mdomo wangu ulikuwa umejaa kitumbua chake.

Wiki mbili baadaye nilikuwa ofisini nikipanga karatasi wakati Lameki alipokuwa na mgeni upande wa pili wa hadibodi. Mgeni alikuwa mwenye nyumba, yule wa Moshi. Hadibodi haizuii kitu. "Chini tunaweka duka la vinyago," Lameki alikuwa akisema, "na nyuma wageni wanalala. Nyumba imeshapata jina." Mwenye nyumba akasema tatizo ni yule bibi, baba yake, aliyeinunua nyumba, alimwahidi marehemu mume wa bibi kwamba yeye na mkewe watakaa pale hadi mwisho wa maisha yao, na mtaa utamlaani akimtoa. Lameki akacheka kidogo. "Mtaa? Subiri kidogo. Mtaa utakuomba wewe umtoe." Walipotoka, Lameki alinikuta pale na karatasi zangu. Alijua nimesikia. "Eliwaza," alisema kwa upole, "mwezi ujao mbugani, kule kreta. Nimeshawaandikia watu wa mbuga." Nikasema asante bosi.

Kisha Happy, mtoto wa miaka minne, akashikwa na degedege. Alikuwa amekula kitumbua asubuhi hiyo; mama yake alikuwa mmoja wa wachache waliobaki kununua. Walimkimbiza hospitali, wakaambiwa ni malaria imepanda kichwani, wakamtibu, na siku ya tatu akarudi nyumbani anatembea. Lakini siku ya tatu ilikuwa mbali. Jioni ya siku ya kwanza mtaa mzima ulikuwa umesimama mbele ya nyumba yetu. Jiwe lilirushwa likavunja kioo cha dirisha la mbele. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mtaratibu aliyekuwa fundi saa, aliwasihi watulie, akasema kila mmoja atasikilizwa uani kwake kesho yake baada ya chakula cha mchana.

Uani kwa balozi watu walikaa kwenye mabenchi na madebe, wengine wakasimama ukutani. Bi Mwanaidi alikaa kwenye kigoda mbele, amevaa khanga mpya, mikono imetulia mapajani. Lameki alikuwa amekuja na kusimama karibu na lango, kama mtu anayepita. Mama Happy alisema yake akilia. Wengine wakasema yao: huyu ng'ombe wake alikufa Kisongo wiki ile ile aliyopita mbele ya nyumba saa kumi, yule mimba ya mkwewe ilitoka. Bi Mwanaidi alisikiliza wote. Alipopewa nafasi alisema maneno machache. "Happy nilimpokea mie kwa mikono yangu, usiku wa mvua gari lilipokosekana. Leo nimlishe sumu ya nini? Na hicho kinachotembea ni mie, naenda kutawadha. Nyote mnajua." Watu wakanung'unika. Hapo balozi akanigeukia.

"Binti, wewe unalala ndani ya nyumba ile. Wewe ni msomi, na hata wageni unawaeleza. Tuambie. Ni viatu vya bibi huyu, au kuna kitu kingine?"

Nilisimama. Nakumbuka ukuta wa balozi ulivyokuwa umetundikwa saa mbovu za watu, kila moja ikionesha saa yake. Bi Mwanaidi alikuwa amegeuka kunitazama, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu ambaye shida yake imekwisha. Nyuma ya mabega ya watu nilimwona Lameki. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Hakunilazimisha kitu, na miaka yote hii nimetamani angenilazimisha.

"Nimesikia buti," nilisema. "Hata wakati bibi akiwa sokoni, nimezisikia."

Mama mmoja alisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Bi Mwanaidi aliacha kunitazama, akatazama mikono yake, akaanza kuinyoosha khanga pale ambapo haikuwa na kunyanzi.

Aliondoka baada ya siku mbili. Hakufukuzwa kwa virungu. Balozi alihakikisha hilo, na mwenye nyumba alisema kwa huzuni nyingi kwamba anafanya hivi kwa usalama wake. Mkokoteni ulikuja asubuhi. Nilijifungia chumbani kwangu nikisema naumwa kichwa, na kupitia mlangoni nilimsikia akipita korido mara nyingi, akitoa vitu vyake, safari hii akiwa peku. Mara moja alisimama mbele ya mlango wangu. Akasema, "Waza, nimekuachia ndizi zako jikoni, zimeiva, usiziache zioze." Nikanyamaza kama mtu aliyelala. Akaenda.

Kreta nilikwenda. Nilivaa kaki, nilivaa buti, nikawaonesha watu tembo. Tumaini alisema nina kipaji. Kila aliponiuliza mgeni kitu, jibu lilikuja vizuri, lakini nilikuwa siwezi kula. Niliporudi, duka la vinyago lilikuwa limefunguliwa chumba cha mbele na Lameki alikuwa na tatizo: saa kumi ikifika kulikuwa kimya. Alinunua mtalawanda sokoni, akamwajiri mtu apite koridoni. Siku nilipousikia mlio ule, mzito mno, wa mtu asiyejua kuuvaa, niliweka barua ya kuacha kazi juu ya meza yake. Anayesoma anaweza kudhani hilo ni jambo la kujivunia. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimeshakwenda mbugani, na nilikuwa nimeshaitwa chuo cha ualimu.

Kabla ya kwenda chuoni nilihama nikapanga nyumba ya tatu kutoka bomba la mtaa uleule, na nikaanza kuuliza. Niliambiwa Bi Mwanaidi yuko Kwa Mrombo, kwa mtoto wa dada wa marehemu mume wake. Siku hizo kule kulikuwa mashamba ya mahindi na nyumba chache. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya udongo akichambua mchicha. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, akaniita niingie. Chumba kilikuwa kidogo, cha kitanda na sanduku tu, na yeye alikaa kitandani akanipa mimi kiti cha pekee. Alichemsha chai. Mchele na sukari nilivyomletea alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaviweka chini ya kitanda.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote. Nilianza, "Bibi, wale wazungu, pale dirishani..."

"Nalijua hilo," alisema. "Tangu wiki ya kwanza. Kiingereza sikijui, lakini masikio ninayo. Unasema, unasema, adhana ikiisha unanyamaza. Unanisubiri mie. Nikachungulia siku moja, nikakuona umeinua kidole." Akacheka kidogo, kicheko kilekile cha uani. "Nikasema mtoto huyu kapata njia ya riziki. Siku nyingine nilikuwa nishatawadha mapema, nina udhu wangu tangu adhuhuri. Nikikusikia uko nje na wageni wako, nilikuwa navaa mtalawanda tu, napita, narudi, usije ukaumbuka."

Nilikirudisha kikombe chini.

"Hilo halikunikera hata kidogo," aliendelea. "Ila pale kwa balozi, mwanangu. Pale sikuelewa. Pale hapakuwa na mzungu."

Nililia. Hakunibembeleza, na hakunizuia. Alisubiri nimalize, akanimiminia chai nyingine, akaongea kuhusu mchicha wa kule unavyokuwa na mchanga. Nilipoaga alinisindikiza hadi mwanzo wa shamba la mahindi. Nikamuuliza nifanye nini, anitume chochote.

"Mie kule sirudi," alisema. "Lakini Mama Happy yule ni mwanamke mzuri, na anajiona kuwa alimlisha mwanawe uchawi kwa mkono wake mwenyewe. Asiishi na jambo hilo. Nenda pale bombani, wakiwepo wote, uwaambie. Mara moja tu. Basi."

Nikamwahidi. Nilirudi kwa miguu njia yote nikiyapanga maneno, na kesho yake saa tatu asubuhi nilichukua ndoo nikaenda. Walikuwepo wote. Mama Happy alikuwa mbele yangu kwenye foleni, na Happy mwenyewe amening'inia kwenye khanga yake, amenenepa, ananitolea ulimi. Wanawake walinisalimia. Mmoja akasema nimepotea, mwingine akauliza nakwenda chuo lini, wakasema mtaa utakuwa na mwalimu sasa, wakafurahi kweli. Nilifungua mdomo. Nilisema nakwenda Jumatatu. Foleni ikasogea, zamu yangu ikafika, nikaweka ndoo chini ya bomba, na maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo, kwa hiyo nilikuwa na muda mrefu sana wa kusema. Ilipojaa niliinama kuinyanyua, na Mama Happy, aliyekuwa ameshatua ya kwake kando, akaja akaishika upande wa pili. "Pole pole, mwalimu," alisema, tukainyanyua pamoja, akanitwisha, akasubiri hadi alipoona imetulia kichwani. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani.